Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya elimu na utafiti: muulizeni kwanza kama amejaribu

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Mitihani. Kwa wasimamizi wa vituo vya malikale. Na kwa maofisa elimu na maofisa kilimo wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Ruvuma.

Waheshimiwa, shikamooni.

Ninafundisha biolojia katika shule moja ya kata wilayani Rungwe. Siandiki kuomba nyumba ya mwalimu wala posho, ingawa hayo nayo yana siku yake. Naandika kwa sababu ya ndizi.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, nilikuwa na kidato cha nne kwenye mada ya homoni za mimea. Anayeijua Tukuyu anaijua mvua yake: ikianza kupiga bati, mwalimu hufundisha kwa kupaza sauti kama mnadi wa mitumba. Nilikuwa nimefika kwenye ethilini, ile gesi ambayo tunda linaloiva huitoa na ambayo huyafanya matunda ya jirani nayo yaive upesi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu akivundika ndizi huwa anachukua moja iliyokwisha kuiva, anaichomeka katikati ya zile mbichi, halafu anafunika na majani, sasa..." Nikamkata. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza. Akabaki amesimama, midomo inacheza bila sauti, mkono umeshika ukingo wa dawati. Wenzake wawili watatu wakacheka. Akakaa.

Mtihani wa muhula ukaja na swali juu ya ethilini. Kwenye karatasi yake palikuwa na namba ya swali tu, chini yake peupe. Nikaandika sifuri kwa kalamu nyekundu, nikageuza ukurasa. Zilipita siku kadhaa kabla sijatambua nilichofanya. Nilimpa sifuri mtu aliyelijua jambo lile kwa macho na mikono yake, pengine tangu ana miaka mitano, kabla mimi sijalisoma kitabuni. Bibi yake hajui neno ethilini. Lakini anajua kwamba tunda bivu huliivisha tunda bichi. Anajua zichukue siku ngapi. Anajua kwamba usipofunika vizuri kazi inaharibika, kwa sababu kuna kitu kinatoroka, na hicho kinachotoroka ndiyo gesi yenyewe. Hata wanaofukiza moshi kwenye shimo la ndizi hawabahatishi, maana moshi nao una ethilini.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa anayeamua kwamba jambo hili ni maarifa na lile ni maneno ya bibi.

Hadithi ya Erasto Mpemba mnaijua, na tunaifundisha kwa fahari. Ila nadhani tunaifundisha nusu. Tunasema kijana wa Kitanzania aligundua kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, jina lake likaingia kwenye vitabu vya fizikia duniani, tunapiga makofi. Nusu tunayoiruka ni ile iliyotokea hapa kwetu, Iringa.

Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akafaulu, akaja shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Mada ya joto ilipofika akauliza tena. Jibu alilopewa, kwa maelezo yake mwenyewe yaliyochapishwa baadaye, ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo kila alipokosea hesabu aliambiwa ni hesabu za Mpemba, na darasa zima likaokota msemo huo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hakuna mtu katika darasa lile aliyeyaweka maji kwenye jokofu kuhakikisha. Kanuni ya kupoa ya Newton ilikuwa ubaoni, mwalimu alikuwa mwalimu, na Mpemba alikuwa mwanafunzi tu. Kilichomwangusha si ushahidi. Ni cheo chake katika kundi la watu wanaoruhusiwa kuisemea fizikia. Msemo ule wa dhihaka ulifanya kazi ambayo jaribio halikuifanya: ulifunga swali.

Kisha akaja Dkt. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akasimama kuuliza kuhusu maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100. Osborne alimwomba arudie swali, kisha akamuuliza kama ni kweli, na kama amejaribu mwenyewe. Ndiyo, nimejaribu. Mgeni akasema hajui sababu, ila akirudi Dar atalijaribu. Wanafunzi wenzake wakamlaumu Mpemba kwamba amewaaibisha. Huko Dar, fundi wa maabara aliyepewa kazi ile aliripoti kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Wanafunzi wangu nawaeleza kisa hicho kila mwanzo wa muhula. Fundi yule hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa na matokeo mkononi, na bado jibu sahihi kwake lilikuwa lile alilofundishwa kabla ya kujaribu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja.

Wapo wataalamu wanaoupinga ugunduzi huo hadi leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Sawasawa kabisa. Wamempinga Mpemba kwa kipimajoto, hawakumpinga kwa kicheko.

Waheshimiwa, sisemi kwamba kundi kuwa na lugha yake ni kosa. Fundi wa gereji pale Mwanjelwa akisema gari lina misi, mwenzake ameshajua aanzie wapi, na maelezo ya nusu saa yameokolewa. Wavuvi wa Matema wana maneno yao ya upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa ambayo mimi wa milimani yananipita. Daktari akiandika cheti, mfamasia anaelewa. Lugha ya kazi ni kifaa. Tatizo linaanza pale kifaa kinapogeuzwa kuwa mlango, na anayeulinda mlango akaacha kuuliza umeleta nini, akawa anauliza tu unaongeaje na umetoka wapi.

Chukueni neno kugundua. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori walikuwa wakizungumza na wawindaji wa huku kwetu kuhusu wanyama wa msitu wa Mlima Rungwe. Wakatajiwa kima mmoja mwenye haya, anaishi juu mitini, jina lake kipunji. Kwa kuwa Wanyakyusa tuna hadithi nyingi za wanyama wa msituni, wengine wa kweli na wengine wa simulizi tu, haikujulikana kipunji yuko upande gani. Watafiti wakaenda kutafuta, wakamwona Rungwe, wakamwona na Kitulo. Mwaka uliofuata timu nyingine, bila kujua habari za hawa, ikamkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa spishi mpya. Mwaka 2006 vipimo vya vinasaba vikaonyesha anastahili jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) yake peke yake, ikaitwa Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakadiria kuwa 1,117 tu.

Nawasifu watafiti wale. Walisikiliza, wakapanda mlima, na jina kipunji wakaliacha pale pale kwenye jina la kisayansi. Bila kazi yao tusingejua wamebaki wachache namna hiyo. Lakini vitabuni tunaandika kwamba kipunji aligunduliwa 2003, na mtoto wa mwindaji anakaa darasani anasoma kwamba babu yake, aliyempa mtafiti jina na mahali pa kutafuta, hakuwa anajua chochote. Ndivyo ilivyo na Kimondo cha Mbozi. Kile kipande cha chuma cha zaidi ya tani 10 kimekaa mlimani Marengi muda wote, watu wanalima na kuchunga jirani yake, na maelezo tunayowapa wageni huanzia mwaka 1930, alipofika mpima ardhi W. H. Nott. Isimila, kule Iringa, nako tunaanzia 1951, alipopita kijana kutoka Afrika Kusini akaokota zana za mawe. Sipingi majina hayo. Yameandika kitu, na kuandika ni kazi. Naomba tu tusiseme "kugundua" pale ambapo tunamaanisha "kuingiza katika maandishi ya wanasayansi". Kiswahili kina maneno ya kutosha kutofautisha aliyejua, aliyeona, aliyepima na aliyechapisha.

Kuna neno jingine linaloniuma zaidi, kienyeji. Asili yake ni mwenyeji, mtu wa pale, yule anayempokea mgeni na kumwonyesha njia. Leo mtu akifanya jambo bila utaratibu tunasema kalifanya kienyeji. Mbegu za kienyeji, dawa za kienyeji, njia za kienyeji, kote humo tumeshatia dharau kabla ya kuangalia kilichomo ndani. Kuku ndiye pekee aliyenusurika, kwa sababu ni mtamu. Na mshamba? Mikoa hii inalisha nchi mahindi, viazi, maharage na ndizi, na tusi linalomnyamazisha kijana wetu akifika mjini ni kwamba ametoka shambani.

Katika taarifa za kilimo tusi hilo limevaa suti, linaitwa kilimo cha mazoea. Nimesoma taarifa nyingi za namna hiyo kwenye ofisi za kata: wakulima wana uelewa mdogo, wanalima kwa mazoea, elimu itolewe. Mwandishi hasemi ni mazoea gani, wala yameanzaje, wala mkulima alipoulizwa alijibu nini. Nendeni Mbinga mkaangalie ngoro za Wamatengo. Kwenye mteremko mkali ambao mtu mwingine angeuacha, wanakata nyasi, wanazipanga chini kwa safu zinazokatizana kama madirisha, kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila dirisha na kuzifukia nyasi. Linabaki shimo katikati na matuta pande zote. Wanawake hupanda maharage juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zinazooza chini ndiyo mbolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakishirikiana na wa Kyoto, Japani, wamekwenda kuisoma kazi hiyo kwa miaka. Hayo nayo ni mazoea. Mtu akirudia jambo mlimani vizazi na vizazi, akiacha lisilofaa na kushika linalofaa, amefanya majaribio mengi kuliko shamba langu la mfano shuleni.

Sisemi kila mazoea ni mazuri. Yapo yanayoharibu chanzo cha maji na yapo yanayoua watoto, na mwalimu wa sayansi anayeyafumbia macho hastahili chaki. Mganga akiniambia jani fulani linaponya kisukari, nami nitamuuliza vilevile: umejaribu kwa wangapi, umepima vipi, na wasiopona walikuwa wangapi? Swali ni hilo hilo kwa mganga, kwa profesa na kwa binti wa dawati la nyuma.

Na msidhani sayansi iliyokamilisha taratibu zake zote iko salama na ubaguzi. Wahehe wanalijua hili kuliko yeyote. Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Wajerumani walichukua kichwa chake. Enzi hizo mafuvu ya Waafrika yalikuwa yakisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, yanapangwa kwenye makabati, yanapimwa urefu na upana, ili kuthibitisha kwamba watu wa rangi moja wako juu na wengine chini. Kulikuwa na jedwali, vifaa vya shaba, maprofesa, majarida, na lugha nzito ya kitaalamu. Vipimo vilikuwa sahihi hadi milimita. Swali ndilo lililokuwa limeoza, na hapakuwa na mtu ndani ya kundi lile wa kuwaambia, kwa sababu waliopimwa hawakuwa na nafasi ya kusema. Ilibidi fuvu hilo liandikwe hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado halikurudi Kalenga, nyumbani kwake Iringa, hadi 1954, baada ya Twining, gavana wa Tanganyika, kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Ninapowapeleka wanafunzi Kalenga, pale mbele ya kabati la kioo, huwa nawaambia waangalie kwa makini: hili nalo lilikuwa somo la sayansi.

Sasa nirudi darasani, maana ndiko kwenye uwezo wenu.

Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Mzee wetu Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Halikufanyika. Sababu inayotajwa kila mara ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilichapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990. Nakala yangu imechanika jalada kwa kutumika. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni kundi la watu wenye mamlaka kuzitumia bila kuona haya, na haya hiyo inafundishwa. Katika shule nyingi nilizopita, mtoto akiteleza akasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Fikirini mtoto anajifunza nini hapo. Anajifunza kwamba kunyamaza ni salama kuliko kuuliza.

Na sisi wa Kiswahili tusijitakase. Yale ambayo Kiingereza kinakifanyia Kiswahili darasani, Kiswahili kinakifanyia Kinyakyusa, Kisafwa na Kikinga kwenye zahanati. Mama mzee anaeleza maumivu yake kwa maneno matatu tofauti ya Kinyakyusa, kila moja na mahali pake mwilini, na kwenye kadi linaingia neno moja: tumbo.

Ninaomba, basi. Kibao cha shingoni kipigwe marufuku kwa waraka, shule zote, mwaka huu. Hilo halihitaji bajeti. Mwalimu wa sayansi aruhusiwe kwa maandishi kupokea swali na maelezo ya mwanafunzi kwa Kiswahili, kisha amsaidie kuyavusha kwenda kwenye Kiingereza cha mtihani. Leo tunafanya hivyo kwa kujificha, tukisikiliza kama mkaguzi yuko korido. Baraza la Mitihani lijaribu karatasi ya biolojia yenye lugha mbili katika shule chache za mikoa yetu, lilinganishe matokeo, liyatoe hadharani hata yakiwa si ya kupendeza. Fomu ya afisa ugani iongezwe nafasi mbili: jina ambalo wakulima wenyewe wanaliita jambo hilo, na walichokwisha kujaribu. Maelezo ya vituo vya malikale yaandikwe upya, na wazee wa Mbozi, Kalenga na Isimila wakae mezani wakati yanaandikwa, siyo siku ya kukata utepe.

Binti yule alimaliza shule. Sasa anauza ndizi na bibi yake soko la Kiwira. Nilimfuata Desemba iliyopita kumwomba radhi. Aliniamkia, akafuta mikono kwenye kanga, akacheka kwa aibu, akasema yameshapita, mwalimu. Nikamwomba anionyeshe wanavyovundika. Bibi ndiye aliyenionyesha. Tulitengeneza mafungu mawili ya ndizi mbichi za mkungu mmoja, moja tukaweka ndizi bivu katikati na jingine bila, tukafunika sawa kwa majani ya mgomba. Nikaandika tarehe na saa kwenye daftari. Siku ya tatu fungu lenye ndizi bivu lilikuwa limeanza kugeuka njano, lile jingine bado kijani. Bibi hakushangaa. Aliniuliza kama na mimi nilikuwa sijawahi kujaribu.

Daftari hilo ninalo. Muhula huu kidato cha nne watalirudia jaribio hilo wenyewe, kwa mafungu manne, na kila mmoja ataandika kwa lugha anayoiweza. Mkituma mtu wa kuja kuangalia, tunakuwa maabara Jumatano na Ijumaa baada ya mapumziko.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwalimu wa Biolojia
Rungwe, Mbeya